Mashine Iliyozeeka kwa Siku Moja

Kama gazeti hili umelikuta limefungiwa maandazi na hujui mimi ni nani, jina langu ni Ramazani Harelimana, fundi wa kuchomelea vyuma wa Kamembe, na hii ni wiki ya tano naungama hapa mbele za watu bila kulazimishwa na yeyote.

Yaliyopita ni mafupi. Niliunda mashine ya kupika nyuzi za mgomba kwa soda ya kutengenezea sabuni, zilainike mpaka ziwe nywele za kusukia. Pipa la kwanza lilipasuka. La pili lilivuja Javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, likamwagikia koti la buluu la jirani mmoja, Mzee Muderhwa, na mpaka leo mgongo wa koti una ramani nyeupe. La tatu likakubali. Nikaandika Kigali kuomba hataza, ile karatasi ya serikali inayosema kitu hiki ni cha fulani na mwingine asikiigize. Sisi huku tunaiita breve.

Mara ya mwisho niliwaacha pale barua ilipofika. Mchunguzi wa hataza anakuja Rusizi mwenyewe kwa sababu michoro yangu haieleweki. Sikukasirika. Kwenye mchoro wa pili hata mimi niliona kuku amelalia mayai.

Haya, tuendelee kabla sijaingiwa na woga.

Mashine ilikuwa Mururu, uani kwa Maman Nyirahabimana, kwa sababu Kamembe majirani walishanifukuza na harufu yangu. Siku moja kabla ya mgeni kufika niliwakusanya watu wa pale.

"Kesho anakuja muntu mukubwa wa Kigali," nikawaambia. "Akiikubali mashini, tunapata breve. Akiikataa, kila muntu ataiiga, na mie nitarudi kuchomelea mageti ya batu. Basi, naomba muisifu."

"Tumusifu yeye ao mashini?" akauliza Maman Nyirahabimana.

"Mashini, Maman."

"Hiyo iko kazi ndogo," akasema Mzee Muderhwa. "Miaka makumi tatu pale mpakani nilikuwa nabeba mizigo ya batu na kuisifu, hata ile ilishaoza."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka, nikaenda zangu nimeshiba furaha. Sikuwaambia waisifu kwa maneno gani. Hilo ndilo kosa langu la kwanza la wiki hii, na lilikuwa dogo kuliko yote.

Asubuhi nilivaa shati la sikukuu. Nilikuwa nangoja baba mnene mwenye tai. Akashuka kwenye gari mama mfupi, viatu vya mvua miguuni, tochi mkononi, futi ya kupimia mfukoni.

"Mimi ni Béatrice," akasema. "Nimekulia Bukoba, tuongee Kiswahili tu. Mashine iko wapi?"

Sikupata hata nafasi ya kumkaribisha chai. Alipanda kigoda, akafungua mfuniko, akaingiza kichwa chote ndani ya pipa.

"Bomba hili la katikati kazi yake nini?" sauti ikatoka pipani.

"Madamu, maji ya soda yakichemka yanapanda yenyewe ndani ya hilo bomba, yanamwagika juu ya nyuzi, yanashuka, yanapanda tena. Hakuna mtu wa kukoroga!"

"Vizuri."

Vizuri! Nilitaka kumkumbatia Mzee Muderhwa pamoja na koti lake.

Madamu Béatrice akashuka, akafungua daftari, akamgeukia Maman Nyirahabimana. "Mama, mashine hii uliiona kwa mara ya kwanza lini?"

Maman Nyirahabimana akavuta kitenge, akasimama wima. "Zamani, Madamu. Zamani kabisa! Mie nilizaliwa nikaikuta."

Madamu akaandika.

"Uyu Maman iko mutoto," akaingilia Mzee Muderhwa. "Mie njo najua. Baba yangu alipikaka nyuzi mule ndani wakati ya Babelgiji. Na yeye aliikuta kwa baba yake."

Madamu akaandika tena.

Jirani mwingine, Mukarugwiza, alikuwa anapita tu na ndoo ya maji. Akaitua. "Si njo ile ilivukaka muto Rusizi imebebwa na batu munane? Koko yangu, mama ya baba, alikuwaka anaiimbia wimbo!"

"Wimbo gani?" akauliza Madamu.

Mukarugwiza akauimba. Nawaapia, aliutunga palepale, na ulikuwa mtamu. Watu wakapiga makofi. Madamu akaandika ukurasa mzima, akafunua mwingine, na mimi nimesimama pembeni meno yote nje, nikijiambia: Ramazani, mtu haandiki hivi kama hajapenda.

Akafunga daftari.

"Bwana Harelimana, pole sana," akasema. "Hataza hutolewa kwa kitu kipya. Kipya maana yake hakikuwahi kuonekana wala kutumika popote kabla ya siku ile ulipoleta ombi lako. Hawa wananiambia mashine hii ina miaka zaidi ya sabini. Nitaandika nini?"

Meno yangu yakarudi ndani.

Lazima niwaelezee ninyi msiotoka huku. Kwetu, kitu ukikiita kipya umekitukana. Mpya ni ile redio unayoinunua pale mpakani Rusizi ya Kwanza, ukifika Gihundwe imeshanyamaza. Jembe zuri ni lile lililolima kwa babu. Chungu kizuri ni kile kilichopikia harusi tatu. Majirani zangu walikuwa wanaisifu mashine yangu kwa nguvu zao zote, kwa upendo kabisa, na kwa kila sifa walikuwa wanaizika.

"Semeni kweli!" nikapiga kelele. "Mashini iko mupya! Niliitengeneza mwaka huu huu!"

Mzee Muderhwa akamshika Madamu mkono kwa upole. "Usimusikie, Madamu. Fundi wetu anajuaka kujishusha."

"Mzee, nakuomba!"

"Unaona? Hata kusifiwa hapendi."

"Mie nilitoboa hilo pipa na mikono yangu, wewe ulikuwa umekaa pale unakula viazi!"

"Nilikula viazi, njo kweli," akasema mzee. "Lakini mashini iko ya zamani."

Nilikaa chini. Miezi yote ile ya kuungua vidole, na nazikwa na watu wanaonipenda. Nikaanza kucheka, kicheko kibaya kile kinachokuja mahali pa machozi, na Maman Nyirahabimana akacheka pia akidhani mambo yamekuwa mazuri.

Madamu Béatrice hakucheka. Alikuwa amechuchumaa anamulika tochi chini ya pipa, karibu na moto. Akapangusa masizi kwa kidole.

"Mzee," akaita, "Wabelgiji waliondoka lini?"

"Tulipopata uhuru, Madamu. Sitini na mbili."

"Pipa hili limeandikwa mafuta ya kupikia. Mwisho wa kutumika, Desemba elfu mbili na kumi na tano. Baba yako alilipata wapi?"

Mzee Muderhwa akainama, akasoma tarehe, akakohoa. Akasoma tena kana kwamba ingebadilika.

"Pipa njo ya juzi," akasema. "Mashini iko ya zamani."

Hapo Madamu alicheka mpaka tochi ikamponyoka. Uwanja mzima ukacheka. Akachana zile kurasa za Wabelgiji na ule wimbo, akaziweka mfukoni. Akasema atabaki nao ule wimbo kwa ajili yake mwenyewe. Na mimi nikainuka, nikacheza pale uani mbele ya mtumishi wa serikali, shati la sikukuu limetoka kwenye suruali. Sikuona haya. Nilikuwa nimefufuka.

"Usicheze bado," akasema. "Sasa ndiyo naanza."

Akatoa kwenye mkoba karatasi yenye picha. Pipa, moto chini, bomba katikati, maji yanapanda, maji yanamwagika. Ilikuwa mashine yangu, ila imechorwa na mtu anayejua kuchora.

"Hii ni ya viwanda vya pamba vya Ulaya," akasema. "Babu yako alikuwa hajazaliwa. Bomba lako si jipya. Halikuanza na baba wa huyu mzee, lakini si jipya."

Akapiga mstari kwenye ombi langu. Nilikuwa nimedai mambo saba ndani yake, na hilo lilikuwa la kwanza.

"Kuosha kwa Javeli baada ya soda. Kunajulikana." Mstari.

"Mfuniko wa kubana na nati." Mstari.

Ndoo ya kuchujia, mstari. Mguu wa kuinamisha pipa, mstari. Bomba la kutolea moshi, akanitazama tu kwa huruma, mstari. Sita yalikwisha nikiwa nimesimama. Nilishaanza kuyaona mageti ya watu wa Kamembe yananingoja, yamepangwa foleni.

"Na la saba," akasema, "umeandika maneno matatu tu. 'Na chanuo ndani.' Chanuo gani?"

Nikamtolea. Ni duara la chuma lenye meno pande zote, linaning'inia chini ya mfuniko kama kichwa cha mtu. Nyuzi zinafungwa kwenye meno kwa mafungu, zinaachwa zianguke chini kama nywele za mwanamke aliyezifumua. Maji ya soda yanapita katikati yake, na zikiiva zinatoka zimenyooka, hakuna fundo hata moja. Kabla ya chanuo nilikuwa natoa pipani kitu kama kiota.

Madamu Béatrice alilizungusha taratibu. Akavuta uzi mmoja. Akauvuta wa pili. Akatoa futi mfukoni, akapima nafasi kati ya meno.

"Hiki sijakiona," akasema. "Nimepekua majalada ya nchi nyingi kabla ya kuja hapa, sijakiona popote. Bwana Harelimana, hii ndiyo hataza yako. Hii peke yake. Sasa niambie ulivyokifikiria. Mwanzo mpaka mwisho."

Wasomaji, hapa ndipo naungama.

Sikukifikiria mimi. Alikifikiria Odette.

Odette ni msusi wa Bukavu. Anavuka mpaka kila asubuhi kuja kusuka vichwa vya Kamembe, na ndiye aliyekuwa akinunua nyuzi zangu za kwanza, zile za kiota, kwa kunihurumia. Siku moja mwezi wa tatu alisimama pale pale uani, akanitazama ninavyotupa nyuzi ndani ya pipa, akashika kiuno. "Ramazani, nani alikufundishaka kutupa nywele ndani ya maji sawa majani ya sombe ndani ya chungu? Nywele inatundikwa! Inataka kichwa!" Akachomoa chanuo kwenye nywele zake, akafunga nyuzi juu yake, akalichovya kwenye soda kwa kamba. Zikatoka zimenyooka. Mimi nilichofanya ni kwenda nyumbani nikachomelea chanuo kubwa.

Alinisaidia bila kuniomba kitu. Alichosema ni kimoja, "Kwenye ile karatasi utatuweka bote, eh?" Nikasema ndiyo.

Fomu ilipokuja ilikuwa na mstari wa jina la mvumbuzi. Tangu nizaliwe naitwa fundi. Fundi njoo, fundi ngoja, fundi umechelewa. Niliandika jina langu, nikalitazama, nikalipenda. Chini yake waliuliza kama yuko mvumbuzi mwingine. Nikaandika: Hakuna.

Sasa Madamu ananingoja.

"Nilikuwa nimelala," nikaanza.

"Naam."

"Nikaota."

"Uliota nini?"

"Kichwa."

"Cha nani?"

Kabla sijampata mwenye kichwa, pikipiki ikalia njiani, na Odette akashuka na furushi lake. Maman Nyirahabimana alikuwa ameshatoka mbio kumpokea. Niliwaona wakinong'onezana, nikaona Odette anatikisa kichwa kukubali, nikadhani wanasalimiana. Pole yangu.

Odette akaingia uani kwa madaha, akampa Madamu mkono kwa kuinama kidogo, akaliona chanuo mkononi mwake. Uso wake ukang'aa.

"Eh, Madamu, hii chanuo? Hii njo ya koko yangu! Mama ya mama yangu, kule Kabare! Banamuke bote ba kwetu balikuwaka nayo, kila nyumba. Ya zamani saana!"

Na akanigeukia, akanikonyeza jicho. Alikuwa ananiokoa.

Madamu Béatrice akashusha kalamu yake kwenye lile la saba, la mwisho.

"Hapana!" nikapiga kelele. Mbuzi wa Maman Nyirahabimana akakata kamba. "Anadanganya! Haiko ya koko yake!"

"Ramazani!" Odette akashangaa. "Nakusaidia!"

"Kwa hiyo ni lako?" Madamu akaniuliza. "Lile uliloliota?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno dogo tu. Odette alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, jasho la safari usoni, bado anasubiri nimwambie amekosea wapi, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

"Sikuota," nikasema. "Ni yake. Aliifikiria hapa hapa, mwezi wa tatu, na chanuo ya nywele zake mwenyewe. Koko yake haiko na habari. Mie nilichomelea tu."

Mzee Muderhwa akavua kofia, sijui kwa nini.

Madamu akafungua faili polepole, akasoma kwa sauti ya ofisini. "Mvumbuzi: Ramazani Harelimana. Mvumbuzi mwingine: Hakuna."

"Soma tena," akasema Odette.

"Mvumbuzi mwingine: Hakuna."

Odette akakalia furushi lake. Hakupiga kelele, na Odette ninayemjua mimi hupiga kelele hata akifurahi. Alinitazama.

"Ramazani," akasema, "mie njo ule Hakuna?"

Nikaanza kuchomekea shati langu la sikukuu kwenye suruali.

"Mama," Madamu akamwambia, "nakuuliza mara ya mwisho, na safari hii jibu ni lako. Chanuo hili ni la bibi yako au ni la kwako?"

"Nikisema ni ya koko?"

"Faili nalifunga leo. Yeyote anaweza kulitengeneza chanuo hili."

"Nikisema ni yangu?"

"Linaendelea. Nina fomu ya kusahihisha, unaandika jina la mvumbuzi wa kweli."

Odette akafikiri. "Na jina yake?"

"Hilo utaniambia wewe. Aliyefikiria ndiye mvumbuzi. Kama na yeye alifikiria pamoja nawe, muandike. Kama alichomelea tu, basi ni fundi."

Fundi. Neno lile lile.

"Odette," nikasema. "Nisamehe. Nilitamani tu mara moja nisiitwe fundi."

Akapokea fomu. Akapokea na kalamu. Maman Nyirahabimana, ambaye katika yote haya alikuwa ameelewa tu kwamba kuna karatasi inatiwa saini, akafikiri breve imepatikana. Akapiga vigelegele. Mukarugwiza akampokea, na ule wimbo wa asubuhi ukaanza upya, safari hii na ngoma ya ndoo. Mzee Muderhwa akaanza kucheza na ramani yake mgongoni.

Katikati ya kelele zile Odette akaangaza huku na huku.

"Hapa hakuna meza," akasema. "Ramazani, inama."

Nikainama, mikono magotini, shati la sikukuu likivutika mgongoni. Akaitandika fomu juu yangu, akaandika kwa kukandamiza kama wasusi wanavyokandamiza. Niliisikia kila herufi ikipita kwenye ngozi. O. D. E. T zikafuatana mbili. E. Kisha jina la baba yake, refu, mpaka karibu na bega.

Kalamu ikainuka.

Nyuma yangu watu wanaimba, mbele yangu naona udongo tu na viatu vya mvua vya Madamu Béatrice. Nikabaki nimeinama vilevile, nikingoja kusikia kama itashuka tena kuandika na jina langu.